Nililima kwa Mdomo

Wenzangu, nichekeni, ila mkimaliza mnionee huruma. Baridi yabisi imenila viungo miaka mingi. Vidole vimepinda kama tangawizi, magoti yanavimba, asubuhi nageuzwa kitandani kama mtoto mchanga. Juzi nikatoka Lipangalala kwenda ofisi ya ustawi wa jamii, kuomba nitambuliwe kuwa mlemavu ili nisamehewe kulipia dawa. Mwanangu hana tena cha kuuza.

Afisa alikuwa kijana, rika la mjukuu wangu mkubwa.

"Shikamoo, Bibi. Shamba unalima?"

Sasa mimi niliolewa kwa sababu ya jembe. Kwetu mwanamke akisema halimi, amejitukana. Na benchi zima la watu linasikiliza!

"Marahaba. Nalima! Mpunga wangu kaulize Lumemo yote."

"Na kutwanga je?"

"Nani anitwangie? Nina mikono!"

Mzee mmoja kwenye benchi akacheka. "Bibi huyu chuma!" Nami nikavimba kichwa.

Kijana akaweka kalamu chini. "Basi hongera, Bibi. Wewe huna ulemavu. Anayefuata!"

Nikajiinua kwa kushikilia meza. Kanga ikafunguka, ikaanguka miguuni. Kuinama siwezi. Kijana akaiokota, akanipa, vidole vikagoma kuishika. Nikabaki nimesimama na gauni langu lililochanika, watu wote wakitazama sakafu, hata yule mzee.

"Mwanangu," nikamwambia yule afisa, "nifunge kanga. Shamba sijalikanyaga tangu tumzike mume wangu."