Nusu Saa Kwenye Benchi la Melkizedek

Mama mkubwa wangu, Teresia, alikuwa hakai. Yeye ndiye aliyenilea, na sikumbuki hata siku moja kumkuta ameketi mchana. Miaka kumi na saba aliuza vitunguu pale Dumila. Basi likipunguza mwendo tu, ameshabeba beseni, anakimbia nalo mpaka dirishani. Sisi vijana tulikuwa tunaachwa.

"Miguu ya chipsi nyie," anatuambia.

Presha waliigundua zahanati. Wakampa vidonge, kimoja kila asubuhi, wakamwambia ni vya maisha. Hilo likamkera.

"Maisha? Kwani nimeua?"

Lakini alimeza, zaidi ya mwaka. Ndipo akaja Melkizedek. Mzee msafi, shati limepigwa pasi, akaweka benchi nyuma ya vibanda vya chakula. Ana chupa kubwa ya chai na mashine ya presha. Chai yenyewe nyekundu, ya maua ya choya, na majani mengine ambayo hakuyataja. Anakupima, anaandika namba kwenye kipande cha boksi. Unakunywa kikombe, unakaa nusu saa ili, kwa maneno yake, iingie kwenye damu. Halafu anakupima tena.

Siku ya kwanza mama mkubwa alitoka mbio kwenye basi la Dodoma moja kwa moja mpaka kwenye benchi. Mia tisini na moja. Baada ya chai, mia hamsini na nne. Akaniletea kile kipande cha boksi kama mtoto aliyefaulu.

"Ona. Zahanati walishawahi kunishushia hivi mbele ya macho yangu?"

"Na vidonge?"

"Naviacha. Vinanikojoza tu. Nikiwa chooni, basi linapita."

Nikacheka. Nilicheka, ndiyo. Na pikipiki iliyokuwa inamfuatia chai ya kunywa nyumbani kila asubuhi, kabla ya kile kikombe cha benchini, ilikuwa yangu.

Ikaenda miezi minne. Jumanne moja basi lilipunguza mwendo, akanyanyua beseni, mkono wa kulia ukaachia. Vitunguu vikatawanyika barabarani. Tukadhani ameteleza. Loveth, anayeuza mayai, akamtania, "Leo na wewe miguu ya chipsi, mama." Alipogeuka, mdomo ulikuwa umekwenda upande.

Hospitali daktari akaniuliza anameza dawa gani. Nikasema chai. Hakunigombeza, aliandika tu. Bora angenigombeza. Akaniambia presha ilikuwa juu miezi yote hiyo.

"Lakini kila akipimwa ilikuwa inashuka," nikasema.

"Alikuwa anapimwa akitoka wapi?"

"Kukimbiza mabasi."

"Basi akitulia inashuka. Akisimama inarudi."

Hapo nikalielewa lile benchi. Ilikuwa nusu saa pekee aliyokuwa anakaa kwa siku nzima.

Nikarudi Dumila nimewaka, nataka kumvunja mtu. Melkizedek alikuwa na wanawake wanne kwenye benchi, na Loveth akiwemo, wote na vikombe mkononi.

"Kijana, siku hizi hamsalimii?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama anaendeleaje? Namwombea."

Nikachukua beseni la vitunguu la mmoja wa wale wanawake, nikakimbia nalo mpaka njia panda na kurudi, nikamnyooshea mkono. "Pima."

Mia sitini na mbili. Akanimiminia chai. Nikaisukuma pembeni, nikakaa. Nusu saa nzima, hata maji sikunywa, nimemkazia macho tu.

"Pima tena."

Mia ishirini na tisa.

"Mmeona?" nikawaambia wanawake. "Nimekunywa nini mimi?"

Melkizedek akaikunja mashine taratibu. "Wewe damu bado changa," akasema. Wakacheka. Loveth peke yake aliweka kikombe chini, akabeba mayai yake akaondoka. Wale watatu walimaliza vyao.

Sikumpiga. Ningempiga vipi, na mbebaji wa chai ni mimi?

Sasa mama mkubwa anakaa. Asubuhi namtoa mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, namwekea kidonge mdomoni, nasubiri mpaka kishuke. Hazungumzi kitu cha kueleweka. Basi likipiga honi kule barabarani, mkono wa kulia umelala pale pale mapajani. Mguu wa kushoto ndio unaosogea mbele, unakanyaga chini, unasubiri na mwingine uje.