Mapigo Kumi ya Kisoda

Kisoda alizaliwa wa mwisho katika nyumba ya watu wenye miili mikubwa, na inaonekana zamu yake ilipofika, unga ulikuwa umekwisha. Mwili alinyimwa, ila sauti akapewa ya watu watatu. "Wewe mtoto," mama yake alikuwa akimuuliza, "unaongea na mimi au na majirani?"

Sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi aliyoifanya mpaka alipoota mvi. Kaka yake alikuwa mpiga makasia wa klabu ya ziwani. Siku Kisoda alipompelekea taulo, akagombana na mlinzi getini, kocha alimsikia akiwa ng'ambo ya maji. Hakumuuliza kama anajua kuogelea. Alimpandisha kwenye mizani, akatabasamu.

Kazi yenyewe haina adabu. Wanaume wanane wanavuta makasia huku wameipa mgongo njia wanayokwenda. Mshika usukani, anayetakiwa awe mwepesi, anakaa nyuma ya mashua akiwatazama, hagusi kasia, anawafokea tu. Aliyekaa mbele yake, magoti kwa magoti, alikuwa kaka mtu, naye ndiye aliyeweka mwendo ambao wale saba waliufuata. Mwisho uko wapi hawaoni, mpaka waambiwe. Kwa hiyo mshika usukani anasamehewa matusi yote, ila uongo hasamehewi.

Kisoda alidanganya. Kwenye fainali aliona wanalegea, huruma ikamshika, akapaza sauti: "Mapigo kumi ya mwisho!" Wakamaliza nguvu zote kwenye kumi hayo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Siku hiyo ilizidi kwa mapigo ishirini. Mashua tatu ziliwapita.

Kaka akanuna. Msimu mzima hakumsemesha, na si kazi rahisi kumnunia mtu mnayepumuliana usoni kila asubuhi. Mezani alimwambia mama, "Mwambie huyo anipe chumvi," na huyo alikuwa ameshamnyooshea. Kisoda aliomba radhi mpaka akachoka. Iliuma. Ndani ya mashua, kila alipotaja umbali, kaka alijiwekea akiba kidogo ya nguvu, kwa tahadhari.

Fainali iliyofuata ilikuwa ya mwisho kwa kaka. Daktari wa mifupa alishamwambia atundike makasia. Wapinzani walikuwa sambamba nao, pua kwa pua.

"Mapigo ishirini ya mwisho!" Kisoda alipiga kelele.

Kaka alivuta vilevile, kwa akiba, akimkazia macho. Wale saba wakamfuata.

Kisoda akaacha kelele. "Kaka," akasema, "yamebaki kumi. Nikikudanganya, usiniite ndugu yako tena."

Kaka akamtazama. Kisha akafumba macho, akavuta kila alichokuwa nacho, na mashua ikaruka.

Honi ililia. Walishinda kwa kiganja cha mkono. Wale saba walikumbatiana, nusura waipindue mashua. Kaka alibaki ameinamia kasia, akihema, na Kisoda akamngoja.

Hatimaye akainua kichwa.

"Yalikuwa tisa, mdogo wangu," akasema.