Binamu Alipokuja Kuhani Timu Yetu

Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Tangu asubuhi mawingu mazito na upepo wa kusini wenye joto. Simu zililia kututahadharisha na mvua ya mawe, mvua yenyewe ikapita mbali.

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo sijui kama haya nitayaandika yakae sawa. Nitajaribu nisijipendelee.

Timu yetu ya besiboli inafungwa. Msimu ndiyo kwanza umeanza, na tayari wenzangu kule ghalani ninakofanya kazi, karibu na uwanja wa ndege, wanaongea habari za mwakani. Mchezo huu nilifundishwa na binti yangu wa miaka kumi na miwili. Mimi namuuliza kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, na hayo ndiyo yamekuwa mazungumzo yetu. Nje ya besiboli hatuna mengi. Siku hizi timu ikianza kufungwa ananyanyuka, anaingia chumbani kwake, namalizia kuutazama mchezo peke yangu.

Leo tulicheza na timu ya Houston, ambayo inashinda tu. Na Houston, saa chache kwa gari kutoka kwetu, ndiko anakoishi binamu yangu, mtoto wa shangazi. Kwetu Tabora mtoto wa shangazi ni mtani wako, ana ruhusa ya kukusema anavyotaka. Tumetoka kanisani, hata viatu sijavua, huyo kaingia, kitenge begani, mfuko wa sukari mkononi, analia kwa sauti.

"Poleni wafiwa! Marehemu alianza kuumwa lini?"

"Siku ya kwanza ya msimu," mke wangu akamjibu, akipokea sukari kwa mikono miwili kama msibani.

"Na maziko?"

"Leo hii hii, kwenye televisheni."

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Niseme kweli, hata mimi nilicheka.

Halafu binamu akakaa pale ninapokaa mimi, ubavuni mwa binti. Kwa haki, kochi halina jina la mtu. Mapema tu tukaanza kupigwa. Nikangoja mtoto anyanyuke. Hakunyanyuka.

"Tazama bega la huyu mrushaji wenu," binamu akamwambia. "Akitaka kurusha mpira wa taratibu, linashuka kwanza, mpigaji anajua. Huo hata bibi yangu angeugonga."

"Bibi yupi? Yule mwenye fimbo?"

"Huyo huyo! Si unaona, fimbo anayo tayari?"

Binti alimuuliza kwa Kiswahili. Akamuuliza tena, na tena, kwa Kiswahili, mpaka nikaacha kutazama mchezo. Mechi zote hizo nimekaa naye na bega lile sikuwahi kuliona. Wivu ukanijaa kifuani. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Nenda ukachekeshe watoto wako."

Watoto wake wako Tabora na mama yao, wanangojea viza. Hakuna mtu mle ndani asiyejua.

Binamu alivua kile kitenge, akakikunja vizuri, akakiweka magotini.

"Umemkasirikia binamu yako," mke wangu akasema polepole.

"Amekasirika," binamu akadakia. "Mashahidi mpo. Faini kuku, na awe mzima, siyo hawa wa kwenye friji."

Kwetu anayemkasirikia mtani hulipa faini, ndiyo desturi. Alisema akitabasamu, lakini sauti ilikuwa ndogo. Nadhani alitaka kunisitiri. Labda nakosea.

Nikachukua funguo za gari. Binti akanifuata bila kutumwa. Tuliposimama kwenye taa za barabarani akanigeukia.

"Baba, umekosea. Anko anawamiss watoto wake."

"Najua."

"Sasa kwa nini umesema?"

"Kwa sababu yeye unaongea naye Kiswahili."

"Wewe kila neno unanirekebisha. Yeye anacheka tu, tunaendelea."

Nilitaka kujitetea. Ni kweli namrekebisha, nilidhani ndiko kufundisha. Taa ikawaka kijani, gari la nyuma likanipigia honi. Basi nikamuuliza: lile bega, yeye alikuwa ameliona? Alikuwa ameliona zamani. Akanieleza njia nzima mpaka kwenye duka la kuku wa kuchinja, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, maneno mengine yamepinda, nikayaacha yalivyo. Hiyo kazi ni ngumu kuliko kubeba maboksi.

Tuliporudi timu ilikuwa imeshafungwa. Nilimwambia binamu, "Nisamehe, mtoto wa shangazi." Akasema kwanza amwone kuku.

Wivu haujaisha, nisidanganye.

Tulikula ugali, mchicha, na kuku wa kuchemsha na tangawizi. Firigisi, ambayo nyumbani kwangu ni yangu, mke wangu aliiweka kwenye sahani ya binamu. Aliila taratibu, ananitazama.