Mnunuzi wa Pijo ya Nasike

Kwa miaka ishirini na miwili Nasike alikuwa fundi wa bodi za magari kule Manyatta, na wanaume waliomcheka mwanzoni ndio baadaye waliomletea milango iliyobondeka. Ile pikapu kuukuu, Pijo 404, aliinunua kwa mkulima wa Ahero, kuku wakitagia ndani. Akaitoa kutu, akaichomelea sakafu mpya, akainyoosha boneti. Kisha macho yakaanza kumsaliti kwa sababu ya moto wa kuchomelea. Daktari akamwambia aache kazi hiyo. Breki zilikuwa bado, mlango wa kushoto haupo, kiti ni mbao tupu. Akaamua kuiuza hivyo hivyo.

Mnunuzi alikuja Jumanne asubuhi, mwanaume nadhifu wa sauti ya chini aliyejiita Mark. Aliizunguka pikapu akipapasa mishono ya chuma, akiuliza maswali ya mtu anayejua. Nasike alimpenda kwa hilo.

"Mama, wacha niisikie barabarani kidogo."

"Sawa, lakini tunaenda wote. Na breki unapampu mara tatu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Wakashika njia ya Ahero, Mark usukanini. Mashamba ya mpunga yalipoanza, Mark akaokota spana iliyokuwa miguuni pake, akampiga Nasike nayo sikioni. Akampiga tena, kisha akamsukuma kwa kiwiko kuelekea pale ambapo hapakuwa na mlango.

Nasike aliona lami ikikimbia chini ya uso wake. Mguu mmoja uliburutwa nje, kiatu kikang'oka, kisigino kikachubuka hadi nyama. Wala hakuwaza kifo. Aliwaza mwaka mzima aliolala chali chini ya gari hili, kutu ikimwangukia mdomoni. Akaudaka mkono wa Mark, akaung'ata hadi meno yakagota mfupa. Mark akapiga yowe, akakanyaga breki mara moja tu. Gari likaacha barabara na kutumbukia mferejini, na paji la uso la Mark likapasua kioo.

"Mwizi! Ananiua!" Nasike akapiga mayowe.

Waliokuwa wakipalilia mpunga walifika mbio. Wakamburuta Mark nje, mpini wa jembe ukamvunja mbavu. Mtu akamtilia Nasike fimbo mkononi.

"Anza wewe, Mama."

Akaanza. Alimpiga magotini, mabegani, kwenye vidole alivyojikingia, na kila pigo lilimpa raha ambayo hadi leo anaona haya kuitaja.

Mwenye pikipiki mmoja akaja na chupa, akammwagia Mark petroli kuanzia kichwani, na kijana mmoja akatoa kiberiti. Mark hakuwa na sauti tena. Alishika tu pindo la suruali ya Nasike. Nasike alikuwa amenusa petroli kila siku ya kazi yake, kwenye matambara na mikononi mwake. Hakuwahi kuinusa kwenye nywele za mtu.

"Basi," akasema. "Imetosha."

"Toka, Mama! Huyu angekuua!"

"Najua angeniua. Lete hiyo kiberiti."

Hawakumsikiliza. Akamlalia Mark, petroli ikipenya kwenye vidonda vyake na kumwasha. Teke likamwingia mgongoni, la pili mbavuni. Ndipo mama mmoja mkulima, Rosa, alipompokonya kijana kiberiti na kukitupa majini.

"Mtachoma na mwenye gari? Mna wazimu?"

Wakabaki wakitukanana mpaka polisi wakaja.

Mark alifungwa. Sikio la kulia la Nasike halikusikia tena. Akiulizwa kama alimsamehe, husema hapana.

Pikapu ilivutwa kwa trekta, pua imebondeka upya. Miezi mitatu baadaye akaja Ouma, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Usenge, akachungulia ndani.

"Hii nyeusi kwa kiti ni rangi?"

"Ni damu. Yangu na ya mwizi."

Ouma akahesabu noti, akampa mkononi. Kisha akatoa kamba, akalifunga gari nyuma ya lori lake, na Nasike akamsaidia kukaza fundo.