Siku Nilipotaka Kuulima Uwanja wa Mpira

Naikumbuka Jumapili moja ya kiangazi, alizeti imeshavunwa na vumbi limejaa hadi kwenye kope, nilipoketi darasani katika shule ya msingi ya kijijini kwetu, huku Manyoni ng'ambo ya reli, nikasikia majina ya kikosi kipya cha timu ya kijiji yakisomwa na langu halimo. Nilikuwa nahodha wa timu hiyo, Mwanangu. Nahodha! Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba nikiwaita wenzangu waje mkutanoni. Kumbe nilikuwa nawakusanya waje kutazama ninavyoumbuliwa.

Nakuambia haya kwa sababu jana umekuja hapa kwangu umefura, hata shikamoo yako ilitoka kama mtu anayetema mbegu. Umeachwa kwenye usajili wa mwaka huu. Wamekuja vijana wa mbali, wana klipu zao kwenye simu, wana mawakala wao, na wewe beki uliyezaliwa jirani na goli la kusini umeambiwa upumzike. Unasema utahama, na wenzako utaondoka nao, timu ibaki gofu. Jana sikukujibu, maana mtu aliyefura hasikii, na mimi nami nikikasirika sisemi vizuri. Leo keti. Chukua kigoda hicho, hicho kingine mguu wake mbovu.

Mwenyekiti wetu wakati ule alikuwa mwenye mashine ya kukamua alizeti, mtu asiyependa kupoteza maneno. Tulikuwa tumepanda daraja, tunaingia ligi ya mkoa, na kiangazi chote akawa anazunguka Dodoma na Tabora, kila akirudi ana mchezaji: mshambuliaji huyu, kiungo yule, kipa mrefu kama nguzo ya simu. Sisi wa kijijini karibu wote tukawekwa nje. Basi nikasimama.

"Mwenyekiti, shikamoo. Kosa letu nini?"

"Marahaba. Kosa lenu ni mvua," akasema. "Mwaka jana ilipodondoka ya kwanza tu, mlitawanyika kama kumbikumbi. Tulikwenda Itigi na wachezaji saba. Saba, kijana! Hata mwamuzi alituonea huruma. Mwaka huu nataka watu wasio na shamba."

Sasa nikwambie wazi, na sioni aibu mpaka leo: ni kweli nilikwenda kulima. Mama yangu alikuwa mjane, na huku kwetu mvua ya kwanza haina mbadala. Ukiikosa hiyo, uwele wako unaota kwa kusuasua, na njaa ikiingia mnabaki kutazamana usoni. Wanaosema mpira ni kila kitu, waulize wamewahi kulala na njaa mara ngapi. Kwa hiyo sikuinamisha kichwa. Nilimwambia, "Basi tutaona hao wasio na shamba watalishwa na nani." Nikakitoa kitambaa cha unahodha mfukoni, nikakitupa juu ya meza, nikatoka. Wenzangu wote wakanifuata, na mimi nikajiona mwanamume kweli kweli.

Uwanja tuliokuwa tunachezea ulikuwa ardhi ya ukoo wetu. Babu yangu ndiye aliyewapa vijana, kwa mdomo tu, kwa sababu alipenda kelele za watu wakishangilia. Nikawaambia wenzangu: timu bila uwanja si timu. Uwanja ni wetu. Mimi nitaulima, nipande alizeti katikati ya goli na goli, tuone hao wa Dodoma na Tabora watacheza wapi.

Asubuhi yake nikawafunga nira ng'ombe wa mjomba, nikachukua plau, nikaenda na Petro. Huyu Petro alikuwa beki wetu wa kushoto, Mgogo, mchunga ng'ombe, mtu wa kucheka ovyo, lakini siku hiyo hata yeye hakucheka. Wewe cheka, Mwanangu, nakuruhusu. Kiangazi! Nani analima kiangazi? Ardhi ilikuwa imekauka, ukiigonga inalia kama sufuria. Plau ikawa inaparuza tu, na ng'ombe wanageuza vichwa kunitazama, kana kwamba wananiuliza, we bwana, una akili timamu?

Ndipo akaja Bibi Maria. Alikuwa dada mkubwa wa babu yangu, na kila tulipocheza nyumbani yeye ndiye aliyetupikia ugali wa uwele na mlenda. Hakupiga kelele. Alitembea taratibu na fimbo yake mpaka mbele ya ng'ombe, akaketi chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu.

"Shikamoo, bibi," nikasema, maana hasira haifuti adabu.

"Sitaki shikamoo yako. Lima."

"Bibi, tafadhali, ondoka hapo."

"Nimekwambia lima. Ukimaliza kunilima mimi, uwalime na watoto wanaokuja kucheza hapa jioni. Halafu uje uniambie umemshinda nani."

Kisha akanishukia kwa Kinyaturu, maneno ambayo sikutafsirii kwa sababu bado u kijana. Petro akawa ameduwaa, hajui hata neno moja ila anaona jasho linanitoka. Bibi alipoona hivyo akarudi kwenye Kiswahili, ili Petro naye asikose sehemu yake.

"Ukisusa, wenzio twala. Hamjawahi kusikia? Unatoka mwenyewe nyumbani kwako, unamwachia mgeni kitanda, halafu unalia umenyang'anywa! Mwenyekiti amekudharau, sawa. Hata mimi nimekasirika. Lakini ndani ya dharau yake ametia na ukweli. Mvua ikinyesha, mnakimbia. Hilo umemjibu? Hukumjibu. Umerusha kitambaa kama mtoto anayerusha kijiko. Hasira hasara, mjukuu wangu."

"Nimjibu nini, bibi?" nikasema. "Niliache shamba la mama?"

"Nani amekwambia uliache? Mimi sina mikono? Hawa majirani hawana mikono? Mlituuliza lini? Kutuita tuje kushangilia mnajua. Kutuita tuje kulima, hamjui!"

Mwanangu, bibi alisema kweli. Kwetu desturi hiyo ilikuwepo tangu na tangu: mwenye shamba kubwa, au mwenye mgonjwa ndani, anapika pombe, na wasiokunywa anawapikia togwa, majirani wanakuja na majembe na ng'ombe, na shamba linakwisha kabla jua halijazama. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mcheza mpira naye anastahili kulimiwa. Sisi wenyewe tuliona mpira ni mchezo wa kiangazi, kama ngoma, na mvua ikija kila mtu kwao.

Nikawafungua ng'ombe. Mchana ule ule nikaenda mashineni kwa Mwenyekiti, na sikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kudai. Nikamwambia usajili haujafungwa, nafasi bado zipo, atuandike wote akiba. Tutakaa benchi, tutabeba maji, tutafua jezi. Mvua ikinyesha na asituone, afute majina yetu yote na mimi mwenyewe nitamshukuru.

"Na mashamba?" akaniuliza.

"Mashamba tuachie sisi."

Akacheka. Lakini akaandika.

Benchi linauma, nisikudanganye. Wale wageni walikuwa wanajua mpira, lazima niseme ukweli. Kulikuwa na mshambuliaji wa Tabora aitwaye Hamisi, mguu kama wake mpaka leo sijauona tena. Watu waliokuwa wakinipigia makofi mwaka uliotangulia sasa walinipigia mluzi, wananiita nahodha wa madumu, kwa vile nilikuwa nabeba maji. Kila jioni nilikwenda. Nilikwenda nimekunja uso, lakini nilikwenda.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Bibi Maria akapita kila nyumba na fimbo yake, na hakuna mlango uliothubutu kumfungia. Shamba la mama yangu lililimwa kwanza. Watu walijaa mle ndani kama harusi, nyimbo, matusi ya utani, togwa linazunguka, na mama yangu amesimama pembeni anafuta machozi kwa khanga. Kisha likafuata la kina Petro, na kisha la wengine. Sisi wachezaji tulilima nao asubuhi, jioni mazoezi, na palizi ilipofika tukawapalilia wao waliotulimia sisi. Ndivyo ilivyokuwa, kazi kwa kazi.

Bibi hakuishia hapo. Alikwenda na jembe begani mpaka nyumba waliyopangishiwa wageni. "Mgeni siku mbili," akawaambia, "siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mmekaa tangu kiangazi!" Wengi walicheka wakadhani anatania. Hamisi alilipokea jembe, akasema, "Bibi, nionyeshe wapi." Basi tangu siku hiyo alikula kwetu.

Barabara zilipoanza kukatika kwa matope, wale wengine waliondoka mmoja mmoja. Timu kubwa ziliwaita. Siwalaumu hata kidogo, miguu yao ndiyo shamba lao, na kila mkulima anafuata mvua yake. Lakini mechi ya Itigi ilikuwa mbele yetu tena, na tukifungwa tunashuka daraja. Mwenyekiti alilala hana usingizi, akijua atasafiri na watu wachache kuliko mwaka uliopita.

Alfajiri alipofika kwenye lori alitukuta tumejaa. Kikosi kizima, na akiba juu yake, tope la mashambani bado liko kwenye kucha. Akatuhesabu, kisha akanipa kile kitambaa cha unahodha. Sikukipokea. Nikamwambia, "Mwenyekiti, kwa heshima zote, sema mbele ya hawa." Na mzee yule, Mungu amrehemu, alisema: "Nilipanga majina, sikupanga mashamba. Nimekosa." Hapo nikakipokea.

Hatukushinda. Tulitoka sare, Petro akipiga krosi na Hamisi akiisukuma kwa kichwa mvua ikitupiga usoni. Sare ile ilitubakiza kwenye ligi. Hamisi naye alioa hapa hapa, na yule kipa mfupi mnayemtania kila siku ni mjukuu wake.

Sasa wewe. Wazee wengine watakwambia uvumilie, mvumilivu hula mbivu. Mimi sikwambii uvumilie. Nakwambia ubishe, ubishe sana, lakini bisha ukiwa ndani. Anayetoka nje kwa hasira amewafungia waliomdharau mlango kwa mkono wake mwenyewe, wakae raha. Kocha amesema pumzi yako inaisha kipindi cha pili. Usinikunjie uso, nami nimeona, niko pale kila mechi. Jibu hilo. Likishajibiwa, atafute sababu nyingine, nayo uijibu. Hao vijana wa mbali usiwachukie, wapeleke kwa mama yako wale mlenda, anayetaka kuwa ndugu utamjua. Na siku ukipewa wewe kupanga kikosi, maana siku hiyo inakuja, kabla hujaandika jina la mtu uliza nani atamlimia mvua ikinyesha. Wa hapa atakimbia kwa sababu ana shamba, wa mbali atakimbia kwa sababu hana. Wote wawili wanahitaji watu wa kuwashika.

Mungu akupe pumzi ya dakika zote tisini na za nyongeza. Ayalinde magoti yako. Akupe mvua shambani na majirani wa kuipokea. Na kila watakaposoma majina lako lisiwemo, akupe ulimi wa kuuliza kwa nini, na ukaidi wa kurudi kesho yake.

Haya, inuka hapo. Mazoezi ni saa kumi, na umeshachelewa.