Neno Nililomwambia Mkwe Wangu

Neno kushobokea nilijifunza mgodini. Shule niliiachia darasa la tatu Didia, na karasha zangu mbili za kusaga mawe hapa Kalangalala hazijawahi kuniuliza cheti.

Duara likitema, yaani shimo likitoa dhahabu, unapata ndugu wapya. Mtu aliyekupita jana kama nguzo ya umeme leo anakuja mbio: "Mzee baba! Mkuu wangu! Mbona umenawiri hivi!" Anakukumbatia, anacheka mpaka magego. Huyo anakushobokea. Salamu ni salamu, ila hiyo imezidi kipimo. Wachimbaji wanamkata hapo hapo: "Oya, usinishobokee." Wenzake wanamzomea, anacheka, anahamia kwa tajiri mwingine. Nimelisema neno hilo miaka mingi, sikuona likimuumiza mtu.

Kijana wangu alioa Tanga, na mimi harusini sikufika kwa sababu ya ugonjwa. Siku alipomleta mkewe kijijini kwetu Didia mara ya kwanza, ukoo ulikuwa umekaa uani unamsubiri. Kwetu Wasukuma mke wa mwanao hakugusi. Anapiga magoti kwa mbali, anasalimia macho chini, unaitikia, basi. Hata chakula chako hakuletei mkononi. Kijana alipaswa kumweleza njiani. Hakumweleza.

Binti akashuka kwenye bajaji, mimba ya miezi sita, akanijia mikono wazi.

"Babaaa! Jamani baba yangu! Shikamoo! Kumbe mume wangu sura kaitoa huku!"

Akanikumbatia mbele ya dada zangu wote. Dada mkubwa akajifunika mdomo kwa kitenge. Mdogo wangu akapiga kelele, "Mzee kakamatwa leo!" Wakacheka. Mimi sichekwi. Nikaitoa mikono yake mabegani mwangu, nikamwambia, "Mama, usinishobokee."

Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka. Alibaki mikono kaitandaza, kama mtu anayepokea beseni ambalo hakuna anayempa. Kisha akapiga magoti hapo hapo mavumbini, na mimba yake.

"Nisamehe, baba."

Jioni mke wangu akanijia juu. "Mkweo unamwambia maneno ya mgodini? Mwanamke ukimwambia hivyo ni kama umesema anajirahisisha."

"Nimemfundisha mila."

"Mila ningemfundisha mimi, jikoni, polepole. Wewe umemfukuza."

Nikamwambia anyamaze. Alikuwa amesema kweli.

Mtoto akazaliwa Tanga, wa kike. Nikamwona kwenye simu: ana meno, anatembea, anacheza. Kila nikiuliza watakuja lini, kijana anasema kazi, mara mvua, mara mtoto ana mafua. Nikamwomba, "Mwambie mkeo nilikuwa natania."

"Mwambie mwenyewe, baba."

Akampa simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo, baba."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Nikasema, "Haya," nikakata. Mimi nimeshinda shimoni chini futi mia, kamba imechakaa, sikutetemeka. Lakini kumwomba radhi mtu niliyemzidi umri sikufundishwa na yeyote, na huu umri wangu sasa sijui nianzie wapi.

Mwaka huu, baada ya mavuno, wakaja hapa kwangu Kalangalala. Miaka minne imepita. Mkwe wangu akasimama mbali, akapiga magoti, macho chini, sauti ya chini. Hata dada zangu hawasalimii vizuri hivyo. Hakukosea hata kidogo. Pembeni yake mtoto naye kapiga magoti, viganja mapajani.

"Shikamoo, babu."

Nilikuwa nimemnunulia kiti kidogo chekundu. Nikakisahau. Nikainuka, nikatandaza mikono, mimi huyu.

"Njoo, mjukuu wangu. Njoo kwa babu, mama yangu mzuri, njoo!"

Mtoto akanitazama, akamgeukia mama yake. "Mama, si ulisema babu hapendi kushobokewa?"

Mama yake akamziba mdomo haraka. Hakuwa ananikomoa, niliona aibu usoni mwake. Kijana wangu akatazama mlangoni. Mke wangu akasema anakwenda kutazama maji ya chai.

Karasha nje zilikuwa zinasaga. Mikono yangu bado ilikuwa hewani, na mtoto bado yuko magotini, ananisubiri. Ndipo nikakumbuka shikamoo yake sijaiitikia.

"Marahaba," nikasema.