Gesi Ilivyotaka Kunizika

Shida yangu ilianza mwaka wa 2021, nikiwa na miaka sitini na nne. Watu wakisikia hivyo wanashangaa, maana wanajua nililala njaa nikiwa mdogo, nikaacha shule darasa la tatu, nikabeba magunia ya viazi Molo mpaka shingo ikawa fupi. Hiyo siiti shida. Hiyo ilikuwa kazi. Shida ni pale mama watoto alipokufa, nikabaki na nyumba ya vyumba vinne na sufuria ambayo sikujua kupima unga wake wa mtu mmoja.

Niliendelea kupika ugali wa watu wawili. Nusu alikula mbwa. Mbwa akanenepa, mimi nikakonda, na majirani wakaanza kumsalimia yeye kwanza.

Mimi nilikuwa nasema upweke ni ugonjwa wa watu wasio na shamba. Binti yangu, anayefanya kazi Nakuru, akaniambia kwa simu, "Baba, hiyo huzuni imekuwa ugonjwa. Nenda hospitali." Nikamjibu huzuni yangu iko sawa, haijakohoa. Lakini nilikuwa nalala mchana. Mkulima wa Molo kulala mchana, na viazi viko shambani vinangoja kupaliliwa! Nilikuwa nakaa kitandani na gambuti miguuni, najiambia natoka sasa hivi, na jua linapita juu ya nyumba linaniacha hapo.

Binti akaja kuniona. Akaangalia kitanda, akaangalia jikoni, akaenda mjini akarudi na mtungi wa gesi. "Angalau usihangaike na kuni," akasema. "Lakini Baba, nikirudi nikute umezidi kukonda, nauza ng'ombe na nakubeba mpaka kwangu Nakuru."

Anaishi ghorofa ya nne. Nililala huko mara moja, sikupata hata mahali pa kutema mate. Nikaapa sitatoka shambani kwangu nikiwa hai.

Sasa niwaeleze jambo moja nyinyi wa mjini. Kwetu jikoni hujengwa kando ya nyumba, na baridi yetu haina mchezo, kwa hivyo kila mtu huwasha kuni asubuhi kabla hajasema neno. Moshi ukitoka kwa mabati, aliye ng'ambo ya bonde anajua umeamka. Hatupigiani simu kuulizana hali. Tunaangalia moshi.

Gesi haina moshi.

Na wakati huo ng'ombe wangu alikuwa amekauka, anangoja kuzaa, kwa hivyo sikuwa na maziwa ya kupelekea gari la maziwa barabarani, ambako watu huniona. Nikafunga geti na mnyororo. Simu ikaisha chaji, nikaiacha ipumzike. Nikawa napasha chai hapo chumbani, narudi chini ya blanketi. Nilidhani nimepata amani.

Asubuhi moja nikasikia watu nje ya dirisha. Walikuwa wameruka ua, na mbwa, kwa ule unene, hakujisumbua kubweka. Sauti ya kwanza niliijua: jirani yangu wa ng'ambo ya bonde, rika langu, mstaafu wa reli. Tumegombania mpaka wa mashamba yetu kule bondeni tangu nywele zetu zikiwa nyeusi.

"Hakuna moshi tangu Jumapili," akasema. "Huyu ameenda."

"Tuvunje mlango?" akauliza mama mmoja wa kanisa letu.

"Tungoje chifu. Binti yake nimeshampigia."

"Maskini. Alikuwa mtu mgumu."

"Mgumu? Sema mchoyo. Lakini hukuwahi kukuta kiazi kibovu chini ya gunia lake."

Mimi nasikia yote. Na nitasema ukweli, sikuinuka mara moja. Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila sauti ya mtu karibu yangu, na sauti zao zilikuwa tamu, hata kama zilikuwa zinanizika.

"Na sasa mimi nitagombana na nani?" akasema yule mzee wa reli, akipenga kamasi.

Mama wa kanisa akauliza, "Hema la mazishi tutaweka wapi?"

"Hapo kwa viazi. Si hatavichimba tena."

Nilifungua mlango na blanketi mabegani. "Mtu akikanyaga viazi vyangu atanijua!"

Mama wa kanisa aliita Yesu, akarudi nyuma, akaanguka juu ya mbwa. Jirani alinitazama kutoka gambuti mpaka kichwa. "Wewe! Kama hujafa, mbona huwashi moto?"

"Niko na gesi."

"Gesi! Na sisi tumeshalia!"

Kabla hawajanimaliza, gari likapiga honi getini, nikaenda kufungua mnyororo. Binti yangu akashuka akilia, akanikumbatia, akanipiga na mkoba, akanikumbatia tena. Halafu akapanguza uso. "Funga nguo zako, Baba. Unaenda Nakuru leo. Ng'ombe atauzwa."

Maneno yaliyonitoka sikuwa nimeyapanga.

"Nimeshindwa kukaa peke yangu," nikamwambia. "Lakini sijashindwa kukaa hapa."

Hakuwa amewahi kunisikia nikisema nimeshindwa na kitu. Akakaa kwenye ngazi. Jirani akakohoa. "Binti, niachie mimi huyu. Asubuhi nisipoona moshi, nakuja na fimbo."

Binti akakubali, lakini kwa masharti: kuni kila asubuhi, geti wazi, na kliniki. Alikuwa amekuja kunibeba mimi, akaondoka amebeba mtungi.

Kliniki nilienda. Daktari ni msichana mdogo, akanipa dawa na akataka niongee. Siku ya kwanza nilimwongelesha viazi tu. Ilinichukua safari nyingi kufika kwa mama watoto. Dawa ilifanya kazi polepole, kama mbolea ya ng'ombe. Siku hizi mchana nakaa peke yangu shambani juu ya debe, kwa kupenda, hata redio sitaki. Nikichoka na mimi mwenyewe, napanda kwa jirani kumtukana.

Leo niko na ekari tatu za viazi. Ng'ombe wawili, yule na ndama wake. Mbwa mmoja, amepunguza mwili. Nyumba ya vyumba vinne na jikoni yenye masizi. Vikombe viwili vya chai, kimoja ni cha jirani na hakiguswi na mtu mwingine. Ugomvi wa mpaka, bado haujaisha. Gesi sina.